Mgodi Ukifungwa, Nyumba Hubaki na Mama

Tumezoea kudhani kwamba Uingereza ni nchi ya neema tupu, na kwamba mtu akizaliwa huko hana la kuhangaikia ila baridi. Sivyo. Katika Wales, ile sehemu ya magharibi yenye watu wake na lugha yake, yapo mabonde ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja yaliishi kwa makaa ya mawe na chuma. Leo migodi yake karibu yote imefungwa. Wanaume walipopoteza kazi, magazeti yaliandika habari zao kwa wino mwingi. Habari za wake zao ziliandikwa kidogo sana.

Mwezi huu tumeona tuwasimulie akina mama wasomaji wetu habari hizo. Wapo kati yetu waliolelewa katika kambi za mkonge, wengine katika miji ya viwanda au kando ya mgodi. Hao hawahitaji kuelezwa maana ya mji mzima kumtegemea mwajiri mmoja, wala kinachotokea siku mwajiri huyo anapofunga lango.

Watu walivyojaa bondeni

Chukueni bonde la Rhondda. Mwaka 1851 lilikuwa na watu wasiofika 1,000, wengi wao wafugaji wa kondoo. Mwaka 1911 walikuwa zaidi ya 150,000. Wote hao waliletwa na makaa. Na bonde lenyewe ni jembamba: chini mto, kando ya mto reli, kisha barabara, halafu nyumba za mawe zilizoshikana safu kwa safu kama mabehewa, zikiufuata ubavu wa mlima. Mahali tambarare pa kutosha uwanja wa mpira ni adimu. Mtu akitaka kwenda bonde la pili, ambalo kwa ndege ni karibu tu, mara nyingi hushuka kwanza hadi mdomo wa bonde lake, kisha apande tena upande wa pili. Tunalitaja hili mapema kwa sababu kila mpango wa kuyafufua mabonde hayo umelazimika kupambana na umbo hilo la nchi.

Mwaka 1913 migodi ya Wales ya kusini ilitoa tani zipatazo milioni 56 za makaa, na wachimbaji walikuwa kama 230,000. Mwaka huohuo, tarehe 14 Oktoba, mgodi wa Senghenydd ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, na mwokoaji mmoja pamoja nao. Hakuna ajali ya mgodi katika Uingereza iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Fikirini kijiji kimoja, wajane wangapi kwa asubuhi moja.

Lakini kazi ya mama haikungoja ajali. Migodini hapakuwa na bafu. Baba alirudi nyumbani mweusi tii, nguo zimeloa, naye alioga jikoni, katika beseni kubwa la bati lililowekwa mbele ya moto. Maji yalichotwa na mama, yakachemshwa na mama, yakainuliwa motoni na mama, na baadaye yakamwagwa nje na mama. Nyumba yenye baba na vijana watatu wanaoingia kazini kwa zamu mbalimbali ilichemsha maji tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka 1919 serikali iliunda tume ya kuchunguza hali ya migodi, na wanawake watatu waliitwa London kutoa ushahidi. Mmoja wao alikuwa Elizabeth Andrews, binti wa mchimbaji kutoka Hirwaun. Aliieleza tume jinsi wanawake wanavyoumia kwa kuinua vyungu vizito vya maji, na jinsi wakunga walivyoona mimba zikitoka kabla ya wakati kwa sababu hiyo. Alidai bafu zijengwe migodini. Waliopanga migodi walikuwa wamehesabu tani, hawakuhesabu ndoo.

Hata hivyo watu wa mabonde hawakuwa watu wa kukaa na kungoja. Katika mji wa Tredegar wafanyakazi walikatwa fungu dogo la mishahara yao kila juma, wakaajiri madaktari wao wenyewe na kuwatibu watu wao. Mtoto wa mchimbaji wa mji huo, Aneurin Bevan, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuja kuwa Waziri wa Afya, na tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya bure yakaanza kwa Uingereza nzima. Makanisa nayo yalijengwa kila mtaa, mengi kwa michango ya wachimbaji hao hao. Uamsho wa mwaka 1904 uliowasha Wales nzima ulianza na Evan Roberts, kijana wa miaka 26 aliyekuwa amefanya kazi mgodini tangu utoto wake.

Mwaka wa mgomo

Migodi ilianza kupungua zamani, lakini pigo lenyewe lilikuja katika miaka ya 1980. Machi 1984 wachimbaji waligoma kupinga kufungwa kwa migodi, nao wakagoma mwaka mzima. Mshahara haukuwapo. Nani alilisha watoto? Akina mama walikusanya chakula, wakagawa vifurushi kila juma, wakafungua majiko ya pamoja katika kumbi za vijiji. Mwanzoni waliambiwa kazi yao ni kukata viazi. Baada ya miezi michache walikuwa wakisimama majukwaani katika miji wasiyowahi kufika, wakiomba msaada na kueleza haki yao. Mama mmoja wa kundi la mabonde ya Neath na Dulais, Siân James, mwenye watoto wawili, baada ya mgomo alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Swansea. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Swansea Mashariki, akatumikia miaka 10.

Mgomo ulishindwa Machi 1985. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mardy, wa mwisho katika Rhondda, ulifungwa Desemba 1990.

Ikabaki nyumba. Kiinua mgongo kililipa madeni ya mwaka wa mgomo, kikanunua gari au zulia, kikaisha. Mwanamume aliyejulikana bonde zima kwa ustadi wake chini ya ardhi sasa alikaa mezani saa nne asubuhi, asijue aweke wapi mikono yake. Wanawake wengi walitoka kwenda kutafuta kazi, za kushona, za kusafisha, za saa chache kwa malipo madogo, na jioni kazi za nyumbani zikawangoja palepale walipoziacha. Msomaji aliyeolewa anaweza kuona mwenyewe ni mazungumzo gani yalifanyika katika nyumba kama hizo usiku, na ni mangapi hayakusemwa.

Mipango iliyotoka juu

Isidhaniwe kwamba serikali ililala. Juni 1988 Peter Walker, waziri aliyeshughulikia Wales, alitangaza mpango wa miaka michache wa kufufua mabonde: ardhi isafishwe, mitaa irekebishwe, viwanda vivutwe. Mwaka 1992 yakafanyika maonyesho makubwa ya bustani Ebbw Vale, maua yakipandwa mahali palipokuwa majivu na kutu, na wageni zaidi ya milioni mbili wakaja kuona. Tangu mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulileta fedha, kwa kuwa pato la sehemu hizo lilikuwa chini ya robo tatu ya wastani wa Ulaya. Mwaka 2001 serikali ya Wales ilianzisha mpango wa kusaidia jamii zilizo maskini zaidi, ukaendelea hadi mwaka 2018. Kisha mwaka 2016 kikaundwa kikosi kazi cha mabonde, kikiahidi kuwasaidia watu 7,000 zaidi kupata kazi, nacho kikamaliza muda wake mwaka 2021.

Mama aliyejifungua mwaka ule wa 1988 amemlea mwanawe hadi akawa mtu mzima wa miaka 33 chini ya mipango hiyo yote. Kila mpango ulikuwa na jina lake, nembo yake, ofisi yake na mwaka wake wa kwisha.

Haki lazima isemwe. Malundo mengi meusi yamesawazishwa na kuota majani. Mto Taff uliokuwa mweusi kwa vumbi la makaa umeanza kuwa na samaki tena. Katika Ebbw Vale kiwanda kikubwa cha chuma kilifungwa mwaka 2002, na mahali pale leo pana hospitali iliyofunguliwa mwaka 2010, na shule, na nyumba. Treni ya abiria, iliyokuwa imeondolewa katika bonde hilo mwaka 1962, ilirudi mwaka 2008. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kupanda hadi Merthyr Tydfil, Aberdare na Treherbert. Haya si mambo madogo. Mama asiye na gari anajua thamani ya treni inayopita kila baada ya muda mfupi, hasa akiwa na mtoto wa kupeleka kliniki.

Penye udhaifu ni kwenye viwanda vilivyovutwa kutoka nje. Kiwanda cha Hoover cha mashine za kufulia kilifunguliwa Merthyr Tydfil mwaka 1948, kikaajiri maelfu, wanawake kwa wanaume, na watu wakaamini kwamba hicho ndicho mgodi mpya. Machi 2009 mashine ya mwisho ilitengenezwa pale. Katika Treorchy, bonde la Rhondda, kiwanda cha Burberry kilichoshona fulana kilifungwa Machi 2007, na wafanyakazi wapatao 300, wengi wao wanawake, wakatoka langoni siku moja. Mwaka 1996 kampuni ya LG ya Korea ya Kusini ilitangaza ajira zaidi ya 6,000 katika Newport, mji ulio chini ya mabonde hayo. Serikali ilimwaga fedha. Sehemu kubwa ya kiwanda hicho haikuwahi kufanya kazi.

Na tazameni hapa. Mji uleule wa Treorchy uliopoteza kiwanda cha nguo ulipewa, Januari 2020, tuzo ya barabara bora ya maduka katika Uingereza nzima. Maduka yake mengi ni ya wenyeji: mwuza nyama, mwoka mikate, mwenye mkahawa, msusi. Walikaa pamoja wakapanga sherehe zao na matangazo yao. Duka la mtu wa mtaa haliwezi kuhamishwa kwa barua inayotoka makao makuu ya mbali.

Lipo pia jambo la mgodi wa Tower karibu na Hirwaun. Serikali iliufunga Aprili 1994, ikisema hauna faida. Wachimbaji 239, wakiongozwa na Tyrone O'Sullivan, waliweka pauni 8,000 kila mmoja kutoka katika viinua mgongo vyao, wakaununua. Januari 1995 walirudi kazini kama wenye mali, wakaendesha mgodi wao hadi makaa yalipokwisha, mwaka 2008. Miaka 13. Tunapenda kuamini kwamba katika kila moja ya nyumba hizo 239 pauni 8,000 hazikutoka bila mke kukubali, na pengine bila mke kukesha.

Akina mama wa Banwen

Juu kabisa katika bonde la Dulais kipo kijiji cha Banwen. Mgomo ulipokwisha, akina mama waliogawa chakula hawakutaka kurudi jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Walikuwa wamejifunza kuweka hesabu, kuandika barua, kuongoza kikao. Waliuliza swali moja: sasa wanaume hawana mgodi, sisi tunaweza kujifunza nini? Wakaanzisha kituo chao, wakakiita DOVE, kifupi cha maneno ya Kiingereza kuhusu kazi za kujitolea katika Dulais. Neno hilo maana yake ni njiwa, nasi tunaosoma habari za Nuhu tunaona jina lenyewe si baya.

Kilichotupendeza zaidi ni mpangilio wao. Hawakuanza na masomo, walianza na kizuizi cha masomo. Mama mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa darasani, basi pakawekwa mahali pa kulea watoto. Basi la kwenda mjini ni la shida, basi masomo yakaletwa kijijini. Walifundisha kompyuta wakati ambapo ofisi nyingi bado zilitumia mashine za chapa. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Swansea kilianza kutoa masomo ya shahada palepale Banwen, ili mama aliyeacha shule na umri mdogo aweze kusoma kisha arudi nyumbani kwa miguu kabla watoto hawajatoka shule. Hakuna mtaalamu aliyekuja kutoka London kuwaambia kwamba saa za masomo zifuate saa za shule. Lilikuwa jambo ambalo kila mama alilijua.

Tunaposoma kitabu cha Nehemia, tunaona kwamba kabla hajamwambia mtu yeyote neno, alitoka usiku akazunguka ukuta uliobomoka, akaangalia kila pengo kwa macho yake. Halafu, katika sura ya tatu, yale majina magumu ambayo wengi wetu huyaruka, watu wanajenga kila mmoja mbele ya nyumba yake mwenyewe, na Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Waandishi wa mipango ya mabonde wangefaidika na sura hiyo ya majina. Mpango wa mwaka 1988 uliandikwa ofisini. Kituo cha Banwen kiliandikwa na watu waliokaa mbele ya pengo.

Kijiji kilichojengwa juu ya mlima

Si kila mpango mbaya ulihusu kazi. Mwaka 1968 ulifunguliwa mtaa mpya wa Penrhys, nyumba 951, juu ya mlima unaotenganisha mabonde mawili ya Rhondda. Kwa kuwa bondeni hapakuwa na nafasi, wapangaji waliona mlimani ndiko. Kwenye karatasi ulipendeza: hewa safi, nyumba mpya, joto la pamoja kwa nyumba zote. Lakini upepo wa kule ni mkali, maduka yalikuwa machache, na mama aliyetaka chochote alipaswa kuteremka mlima na kuupanda tena akiwa na watoto na mizigo. Baada ya miaka michache mtaa ulipata jina baya, na kijana akitaja anwani yake alipoomba kazi alijua jibu kabla ya kupewa.

Mwaka 1986 mchungaji John Morgans, aliyekuwa kiongozi wa kanisa lake kwa Wales nzima, aliacha cheo hicho, akahamia Penrhys pamoja na mkewe Norah. Hawakukaa nje wakaja na gari siku ya Jumapili. Walipanga nyumba palepale. Madhehebu kadhaa yalikubali kuwa na kanisa moja tu, Llanfair, badala ya kila moja kuweka kibao chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligeuza jengo la nyumba zilizoachwa likawa kanisa, na ndani ya jengo hilo hilo wakaweka mkahawa, mahali pa kufulia nguo, duka la mitumba, chumba cha watoto kufanyia kazi za shule, na muziki. Vijana wa kujitolea walikuja kutoka nchi mbalimbali wakaishi nao.

Wako watakaosema kwamba mashine ya kufulia si Injili. Sisi tunamwomba anayesema hivyo akafue nguo za watoto wanne kwa mkono katika nyumba yenye unyevu, juu ya mlima, mwezi wa Januari, halafu arudi tuzungumze.

Hata hivyo mtaa wenyewe haukupona wote. Nyumba nyingi zilibomolewa, zikabaki yapata 300, na sasa upo mpango wa kuujenga upya. Safari hii wakazi wanahusishwa tangu mwanzo, angalau hivyo ndivyo inavyoelezwa. Mama aliyekaa huko miaka 50 anayo haki ya kulipokea neno hilo kwa tahadhari.

Malundo juu ya nyumba

Tumeacha jambo zito kuliko yote mwishoni.

Mgodi ukitoa makaa hutoa pia mawe, udongo na tope lisilouzika. Kwa kuwa bondeni hapakuwa na nafasi, kifusi hicho kilipandishwa na kurundikwa juu ya milima, juu ya nyumba za watu. Katika kijiji cha Aberfan lundo namba 7 liliwekwa juu ya chemchemi. Wenyeji waliliona. Akina mama wa wanafunzi walikwisha kupeleka ombi la maandishi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Pantglas kuhusu maji yaliyokuwa yakifurika, naye akalifikisha kwa wakubwa. Mhandisi wa halmashauri naye alikuwa ameandika barua za kuonya. Barua zikajibiwa kwa barua.

Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, watoto wakiwa ndio kwanza wameingia madarasani, lundo liliporomoka. Watu 144 walikufa. Watoto walikuwa 116. Tume iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies ilichunguza, na mwaka 1967 ikatamka kwamba lawama ni ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Wazazi walitaka malundo yaliyobaki yaondolewe. Bodi haikutaka kulipa gharama yote, wala serikali. Mwaka 1968 pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka katika mfuko wa rambirambi, fedha ambazo watu wa dunia nzima walichangia kwa ajili ya wafiwa, zikatumika kuondolea kifusi. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Mwaka 2007 serikali ya Wales iliongeza pauni milioni 2 kwa ajili ya kumbukumbu na elimu ya kijiji hicho. Miaka 41 kupita. Tumelisoma jambo hili mara nyingi, wala hatujapata namna ya kulieleza ili lionekane la haki.

Mwaka 1967 akina mama wa Aberfan walianzisha kikundi chao, wengine wakiwa wamefiwa na watoto, wengine watoto wao wameokoka. Hapo ndipo shida ilipokuwa: mama aliyebaki na mtoto aliona haya kumtazama jirani aliyezika. Basi walikutana jioni, wakaalika wasemaji, wakacheka pia, wakapanga safari. Zaidi ya miaka 50 baadaye kikundi hicho kilikuwa bado kinakutana, wale wake vijana wakiwa sasa ni bibi. Hakikuwamo katika mpango wowote wa serikali.

Malundo yenyewe hayajaisha. Februari 2020, wakati wa mvua kubwa, kipande cha mlima wa kifusi kiliporomoka Tylorstown katika Rhondda. Bahati njema hakuna aliyekufa. Serikali ya Wales ilianza kuhesabu, ikakuta malundo yaliyoachwa zaidi ya 2,500, na mamia kati yake yanahitaji kuangaliwa kwa karibu. Novemba 2024 tope la lundo la zamani lilishuka Cwmtillery, na familia zikatolewa majumbani mwao usiku.

Wales inayo sheria ya mwaka 2015 inayozitaka ofisi za umma, kila zinapopanga jambo, ziwafikirie wale ambao hawajazaliwa. Mwaka 2025 Bunge la Wales lilipitisha sheria nyingine, ya kuunda mamlaka maalumu ya kuyasimamia malundo haya. Fedha zilibishaniwa kwa miaka: Cardiff ikisema kwamba makaa yalichimbwa Wales ilipokuwa bado haina serikali yake, hivyo London ilipe, na London ikisema kwamba jambo hilo sasa ni la Cardiff. Mwishoni mwa mwaka 2024 London ilikubali kutoa pauni milioni 25, na mwaka 2025 ikaahidi milioni 118 zaidi. Kazi ya kuyafanya yote yawe salama itachukua miaka mingi. Wakati huo wote mvua itaendelea kunyesha, na mabondeni humo mvua hunyesha sana, na watoto wataendelea kulala katika zile safu za nyumba zilizo chini ya mlima.